Upasuaji wa jicho kwa skrini ya 3D: tuongeze hela?

Pole na kuuguza, ndugu. Umeuliza kama daktari atakayemtoa mama mtoto wa jicho huku akitazama skrini badala ya jicho lenyewe hawezi kukosea, na kama inafaa kulipa zaidi.

Hilo la skrini lisikutishe. Hata kwa njia ya kawaida daktari huchungulia kwenye lenzi za hadubini. Hapa kamera mbili zinapiga picha kwa pembe zilizopishana kidogo, naye anavaa miwani maalumu inayolipatia kila jicho picha yake, basi anaona kina vilevile. Faida ninayoipenda ni ya taa: picha inaweza kung'arishwa kwa mitambo, kwa hiyo jicho la mgonjwa linamulikwa kwa mwanga mdogo zaidi. Shingo ya daktari nayo inapona, maana hainami muda wote.

Ila kwa mtoto wa jicho wa kawaida, matokeo hayapishani sana na ya hadubini. Mimi nisingeongeza hela kwa ajili ya skrini tu. Muulize daktari ana uzoefu gani na mfumo huo, mwambie kama mama ana kisukari, halafu ulizia lenzi bandia atakayowekewa ndani ya jicho, maana hiyo ndiyo atakaa nayo.