Wadogo zangu mnaojaza fomu za kodi za watu hapa Marekani, "mtoto" ni nani?

Jana jioni nilisimama nyuma ya kijana mmoja wa hapa ofisini. Mteja alikuwa bado anavua koti la baridi, naye kijana ameshaweka tiki kwenye kila kisanduku cha Fomu 8867, ile unayothibitisha kwamba umemhoji mteja kabla ya kumwombea nafuu za kodi. Nikamuuliza, "Umemhoji saa ngapi?" Akanijibu, "Kaka, huyu namjua, tunasali naye." Usingizi ukanipaa. Basi someni.

1. PTIN si leseni. Ni namba tu ya mjazaji kodi anayelipwa, nayo inahuishwa kila mwaka. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, waliwahi kutaka sisi tusio CPA (wahasibu wenye leseni), wanasheria wala EA (mawakala wa kodi waliosajiliwa na IRS) tufanye mtihani. Mahakama ikawakatalia mwaka 2013, na kwenye rufaa wakashindwa tena mwaka 2014. Tangu hapo kuna wanaodhani kazi hii haina mwenyewe. Waulizeni wenzenu wa Oregon na California, ambako jimbo lenyewe lina masharti yake. Na hata pasipo na mtihani, mkaguzi anakuja.

2. Saini kazi yako. Ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, uliyolipwa kuijaza halafu ukaituma bila jina na PTIN yako, imejazwa na mzimu. Ada isipimwe kwa asilimia ya rifandi, fedha anazorudishiwa mteja. Na rifandi ya mteja isipite kwenye akaunti yako, hata akikuomba kwa machozi.

3. Hili ni langu mwenyewe. Msimu wa 2024, tukijaza kodi za mwaka 2023, alikuja mama mmoja, Mkongo, mtu wa heshima zake, aliyezoea kuniita mwanangu. Kaja na watoto watatu, wameketi kwenye benchi wanagombania pakiti moja ya chipsi. "Nina watoto watatu," akasema. Kadi za Social Security tatu, W-2 moja, karatasi ya mshahara wa mwaka, ya kiwanda cha nyama. Mimi nikaingiza watatu, nikatiki, nikatuma, nikamwita anayefuata. Dakika ishirini hazikufika. Nilijiona fundi.

Mnajua alichosema na mnajua alichomaanisha. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na anayeuliza zaidi ya hapo anaonekana mchawi. Ajabu ni kwamba hata sheria ya Marekani inamkubali mpwa! Isipokuwa inataka awe amelala chini ya paa lako zaidi ya nusu ya mwaka, hapahapa Marekani. Yule wa tatu alikuwa amefika Septemba 2023, akitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mama hakunidanganya hata neno moja. Mimi ndiye sikuuliza.

Barua ya IRS ilikuja, kisha akaja mkaguzi mwenyewe, mpole, na chupa yake ya maji. Akachagua mafaili. Alipofika kwa yule mama akauliza, "Ulijuaje kwamba huyu mtoto aliishi naye?" Nikamwonyesha tiki. Akasema, "Hiyo naiona. Naomba ulichomuuliza na alichokujibu." Nikafungua faili kana kwamba karatasi ingejizalia humo ndani. Mafaili matano yalikuwa na ugonjwa huohuo. Kila moja makosa mawili, EITC, nafuu ya kodi ya wafanyakazi wa kipato kidogo, na ile nafuu ya watoto, na kila kosa dola 600. Dola 6,000, wadogo zangu, na ada yangu kwa kila ritani ilikuwa dola 150.

Nililipa kwa awamu. Kilichoniuma zaidi ni mama kutakiwa arudishe fedha pamoja na riba, fedha alizokwisha kununulia gari la kuendea kazini. Hakunigombeza. Tulipokutana mlangoni mwa kanisa akanipa mkono, akasema, "Habari, bwana." Mpaka leo mimi ni bwana.

4. Andika maswali na majibu siku ileile, na tarehe. Tunza miaka mitatu.

5. Skedyuli C, fomu ya biashara ya mtu binafsi, yenye masifuri matupu, mapato 18,000, matumizi 3,000, usiiguse kabla hujaona chochote kilichoandikwa kwa mkono. Nina dada mmoja msusi, daftari lake lina alama za vidole vya mafuta ya nywele kila ukurasa: jina, mtindo, dola, "kabakiza 20". Nilitoa nakala za kurasa zote huku nikinung'unika. Mkaguzi alilipekua kimyakimya, akalifunga, akaomba faili jingine. Halafu kuna madereva wanaoniambia maili wanazo kichwani. Haya.

6. Kuuliza si kumshuku mtu. Mimi siku hizi naanza hivi: "Shangazi, samahani, serikali inanituma nikuulize upuuzi." Anacheka, kisha ananieleza nani alihamia lini na nani analipa kodi ya nyumba.

Na wewe kijana wa jana, ritani ya yule mnayesali naye sijairuhusu iende, iko mezani kwangu. Mpigie simu leo, umuulize yule mdogo wao alikuwa analala wapi mwezi wa tano.