Teksi isubiri, banda la kuku lianze

SWALI: Mzee wangu amestaafu polisi baada ya kutimiza miaka 60. Tumetoka kambini, tuko kwetu Luweero, Uganda. Hadi leo anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapiga viatu rangi, halafu anakaa barazani mpaka jua limfukuze. Sasa anasema kiinua mgongo chote atakitia kwenye teksi ya abiria 14. Nimwachie? – Mke wa Afande

JIBU: Mama, teksi isubiri. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu, na gia boksi ikifia barabara ya Gulu, pensheni ya mwezi haitaifufua. Tena teksi ni kazi ya dereva. Mzee atabaki palepale barazani akingoja hesabu ya jioni na kugombana kwenye simu.

Tazama vile viatu. Miaka yote hiyo kulikuwa na mtu anayemngoja saa fulani, na akichelewa anaulizwa. Mtafutieni kitu kitakachomuuliza tena. Wengi huko kwenu hukimbilia kahawa. Ni zao zuri, ila miche ikishashika hukaa miaka miwili au mitatu bila kumdai mtu kila kukicha. Kuku wa mayai hudai kila alfajiri.

Aanze na 50, asizidishe. Banda la mita 3 kwa 4 linatosha. Chakula ni kilo 6 kwa siku, nusu asubuhi na nusu alasiri. Maji lita 12 hadi 15. Anunue mitetea wa wiki 16. Vifaranga wa siku moja wanataka joto la nyuzi 32 na zaidi wiki ya kwanza, na asiyezoea huwaua kwa baridi ya usiku. Mitetea wataanza kutaga kati ya wiki ya 18 na ya 20; wakikolea, trei moja (mayai 30) na mayai kumi kwa siku ni jambo la kawaida.

Wanaoanza hupoteza banda zima kwa kideri, ugonjwa wa virusi wa kuku, na mara nyingi walikuwa wamechanja! Chanjo ya kunywesha ina virusi hai, nayo klorini ya maji ya bomba huiua. Atumie maji safi ya kisima au ya mvua, kwenye chombo cha plastiki. Awanyime kuku maji saa moja au mbili kabla, awape asubuhi kungali na ubaridi, na yaishe ndani ya saa mbili. Ratiba aichukue kwa afisa mifugo wa gombolola, yaani wilaya ndogo yenu.

Mpe na daftari: mayai, chakula, waliokufa, saa. Askari anajua kuandika. Mayai yakipungua siku mbili mfululizo, daftari litamwambia kabla hajaona kuku aliyeinamisha shingo.

Ila kuku hawatamwita afande. Azungumze na mwenyekiti wa steji ya boda: kila Jumamosi saa mbili asubuhi, dakika 40, awafundishe vijana alama tano za barabarani. Asiende kuketi kituo chake cha zamani akitoa maoni. Wiki ya kwanza watamletea chai, ya tatu watajificha.

Miezi sita ikipita na bado anaitaka teksi, akae siku nzima na kondakta, aandike mafuta, faini na matengenezo kwenye daftari lilelile la mayai.