Bastola ya kubeba kila siku, ukubwa gani? Majibu ya wiki hii

Najibu watu wenye kibali tu. Kama huna, ruka hadi swali la nne, lako liko pale.

*Afande, nina duka Kikuubo, pale sokoni Kampala, mwili wangu mwembamba, nataka bastola ndogo kuliko zote isionekane ndani ya shati. Nichukue ipi?*

Ndugu yangu, kila wiki swali hili linarudi na kila wiki mnataka niwaambie "ndogo kuliko zote". Sisemi. Kwanza jua kinachoonekana ni mpini, sio mtutu. Mtutu unazama ndani ya suruali, nani atauona? Mpini ndio unabaki juu ya mkanda, ukiinama kuokota kitu unasukuma shati nyuma na mtu yeyote kwenye foleni anajua. Chukua Glock 17, ile kubwa, na Glock 19, ya saizi ya kati, uziweke pamoja mezani: mtutu wa 17 ni milimita 114, wa 19 ni 102, tofauti ndogo, lakini mpini wa 19 umekatwa karibu sentimita moja na hiyo sentimita ndiyo inakuficha.

Sasa hizo ndogo mnazozipenda. Glock 43 inabeba risasi 6 kwenye magazini (kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini), ni nyepesi, inakaa vizuri kweli, lakini risasi ni ile ile ya milimita 9 na chuma cha kumeza teke, ule msukumo wa kurudi nyuma ukifyatua, hakuna, kwa hiyo teke lote linakuja mkononi, halafu kidole cha mwisho kinaning'inia hewani hakina pa kushika. Nilisimama rangeni, uwanja wa shabaha, na bwana mmoja ana kadogo kama hako, karatasi iko mita saba, akapiga tano na tatu zikatoka nje kabisa. Nikampa ya saizi ya kati, mkono ule ule, dakika kumi baadaye tano zote ningeweza kuzifunika na kiganja. Na zile tatu za kwanza, kama ni Kikuubo saa kumi na moja jioni, zimeenda kwa nani? Kwa mama anayebeba mzigo, kwa kijana wa toroli. Hiyo ndiyo inaninyima usingizi mimi, sio shati lako.

Kwa mwili mwembamba, tafuta nyembamba badala ya fupi. Glock 43X mtutu wake ni mfupi kama wa 43, mpini umerefushwa ili kidole cha mwisho nacho kipate mahali, magazini inabeba 10, na kwa sababu ni nyembamba inalala kwenye ubavu. Ukiweza 19, chukua 19. Halafu nunua mkanda mgumu, maana mkanda laini unaiacha bastola inainama nje na hapo lawama mnaitupia saizi.

*Rivolva ndogo, ile ya silinda inayozunguka, je? Nasikia haikwami.*

Inakwama mara chache, kweli, lakini zile ndogo nyingi ni risasi 5, triga ni nzito na kujaza tena kunachukua muda. Watu wanaiita ya wanaoanza, mimi naona ni ngumu kuliko zote kuipiga vizuri.

*Naweza kuichomeka kiunoni bila holsta, ule mfuko wa bastola? Holsta inaongeza unene.*

Hapana. Hapana leo, hapana mwezi ujao, na tafadhali msiniandikie tena hili. Glock haina kitufe cha usalama cha pembeni, kizuizi unachokigusa wewe kiko kwenye triga yenyewe, kwa hiyo kitu chochote kikiingia pale na kuvuta, inalia. Ncha ya shati inatosha, kamba ya jaketi inatosha. Holsta iwe ngumu, ifunike triga yote, na isijikunje ukiitoa bastola. Ukiirudisha, rudisha polepole huku unaangalia, hakuna anayekukimbiza wakati wa kurudisha.

*Jirani anauza bastola bei ya chini, nichukue sasa kibali nifuate baadaye?*

Usiiguse. Firearms Act ya 1970, sheria ya silaha ya Uganda, haina "baadaye", na hujui hiyo bastola ilifanya nini kabla haijafika kwako.

*Mimi ni mama wa watoto wawili, Mukono. Nabeba kwenye hendibegi, ndogo si itatosha?*

Mama, asante kwa kuuliza kabla hujanunua. Hapa saizi sio shida, shida ni begi. Begi linanyakuliwa, wewe unajua boda wanavyopita karibu na dirisha la gari kwenye jam. Na begi unalitua: kwenye kiti, chini ya meza, juu ya kitanda ukifika nyumbani umechoka, na mtoto anajua ndani kuna peremende. Ibebe mwilini. Kama siku ile haiwezekani kwa mwili basi iache nyumbani kwenye kasha la chuma lenye kufuli, ufunguo uwe na wewe, sio juu ya kabati, watoto wanapanda kabati.

*Nikiendesha inanichoma tumboni. Nibadilishe saizi?*

Kama unabeba mbele, ndiyo, mtutu mrefu unachimba kwenye paja ukikaa. Lakini kwanza sogeza holsta juu kidogo au ipeleke kwenye nyonga, wengi wanapona hapo bila kununua kitu. Kabla ya kuamua, hakikisha haina risasi, toa magazini, chungulia chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, na kidole pia kiingie, risasi zikae chumba kingine. Halafu ivae nyumbani jioni nzima na nguo zako za kazi, kaa, inama, funga kamba za viatu, beba mtoto, panda gari na funga mkanda wa kiti. Na ukiivua ipanguse, joto letu na jasho vinaleta kutu upande unaogusa ngozi, kitambaa chenye mafuta kidogo kila jioni, magazini pia.

Na aliyeuliza ipi inafichika vizuri zaidi akienda baa: ukienda kunywa, bastola inabaki kwenye kasha.