Tamthilia za Titanic na mtoto wa miaka 11

Dada, nimekuelewa: binti yako ameomba muangalie tamthilia ya Titanic, nawe unahofia usingizi wake. Anzeni na Titanic: Blood and Steel ya 2012. Ina sehemu 12, na nyingi zinahusu meli inavyojengwa kule Belfast. Mapenzi ya wakubwa yamo, kaa na rimoti. Ile iitwayo Titanic tu, ya sehemu 4, ya mwaka huohuo, inarudia safari kwa macho ya abiria tofauti, hivyo itazame kwanza peke yako. Ya 1996 iache kabisa, ina ubakaji.

Mtoto wangu alishtushwa na maboti ya kuokolea watu melini: 20 tu, watu zaidi ya 2,200! Alinishika mkono, kimya. Nilizima, tukaongea. Jinamizi likidumu wiki kadhaa, mpeleke kwa mshauri nasaha.