Unaanza Kiarmenia? Usijifunze nomino nusu

Wengi wanaoanza Kiarmenia huogopa herufi. Herufi zitakuingia zenyewe: mtawa Mesrop Mashtots alibuni 36 mnamo mwaka 405 hivi, mbili zikaongezwa baadaye, basi. Jasho liko kwenye nomino. Kila nomino unayoiandika daftarini, iandikie pembeni na umbo lake la umiliki. Usiseme utalitafuta siku nyingine.

Chukua քույր, k'uyr, yaani dada, awe mkubwa au mdogo kwako. (Kikoma kile baada ya k kinaonyesha pumzi: k hiyo hutamkwa kwa kusukuma hewa.) Ukitaka kusema «kitabu cha dada», mmiliki ndiye anayetangulia, na jina lake linageuka: k'roj girk'ë. Ile uy imetoweka, na mwishoni imezuka -oj ambayo hukuitarajia. Ukishalijua k'roj, mengine ni mteremko: k'rojits, kutoka kwa dada, k'rojov, kwa kumtumia dada. Hata ukisema umemwona dada, ni umbo hilohilo lenye kibainishi, ile -ë ya mwishoni inayoonyesha kwamba anayetajwa anajulikana: k'rojë. Wingi hauna shida, k'uyrer, na umiliki wake ni k'uyreri.

Anayetoka kwenye Kiswahili atazoea upesi zaidi akikumbuka ile -ni ya «mjini». Kiarmenia nacho husema k'aghak', mji, na k'aghak'um, mjini. Ila -um hiyo haiwekwi kwa watu, kwa hiyo kwa dada isahau.

Hiyo -oj si ya dada peke yake. Kin, mwanamke, hutoa knoj. Enker, rafiki, hutoa enkeroj. Ter, bwana au mwenye mali, hutoa tiroj. Kikundi ni kidogo, kikariri kwa mkupuo mmoja. Baba, mama na kaka wana mtindo wao: hayr–hor, mayr–mor, yeghbayr–yeghbor.

Sasa asili, sehemu ninayoipenda, na ndipo wageni wanapoponyoka. Tazama k'uyr na soror ya Kilatini. Utaapa hayana undugu. Kumbe yametoka mzizi mmoja wa lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, iliyozaa lugha nyingi za Ulaya, Iran na India: *swesor (nyota inaonyesha neno lililokisiwa, lisilopatikana katika maandishi). Hayafanani kwa sababu sw ya kale mwanzoni mwa neno iligeuka k' katika Kiarmenia. Usikubali dai hilo kwa neno moja tu, dai wenzake. Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kina svasar, dada, svapna, usingizi, sveda, jasho. Kiarmenia kina k'uyr, k'un, k'rtink'. Yote matatu yamepita njia moja, na huo ndio ushahidi.

Kinyume chake, hazar, elfu, linafanana mno na hezar la Kiajemi, na kufanana huko ni kwa sababu lilikopwa kutoka lugha za Kiirani. Mikopo ya aina hiyo ni mingi kiasi kwamba wataalamu waliihesabu Kiarmenia kuwa tawi la Kiirani, mpaka mwanaisimu Mjerumani Heinrich Hübschmann alipoonyesha mwaka 1875 kwamba ni tawi linalojitegemea. Kwa hiyo maneno yakifanana sana, shuku kwanza.

Umbo la umiliki la zamani halikuwa k'roj. Katika Kiarmenia cha kale lilikuwa k'er, lenye r nzito, na wingi wa neno ulikuwa k'ork'. K'er hiyo imekufa kwenye sarufi, lakini imebaki ndani ya k'eri, mjomba: ndugu wa mama, mtu anayetambuliwa kupitia dada yake. Imo pia katika k'erordi, mtoto wa dada, ambapo ordi ni mwana.

Jambo la mwisho ni la tahajia. Kabla ya mageuzi ya Armenia ya Kisovieti ya mwaka 1922, neno liliandikwa քոյր, na Waarmenia wa magharibi, wa Beirut kwa mfano, bado huliandika hivyo. Ukifungua kamusi ya zamani ukalikosa kwenye ույ, litafute kwenye ոյ.