Wachungaji Waliowindwa Uskoti

SWALI: Nimesoma kwamba katika karne ya 17 wachungaji wa Kipresbiteri wa Uskoti walisakwa na askari, ilhali mfalme naye alikuwa Mprotestanti. Kosa lao lilikuwa nini? Na ibada inayohudhuriwa na maelfu yawezaje kuwa ya siri?

JIBU: Ugomvi ulihusu utawala wa kanisa. Wapresbiteri walishikilia kwamba kanisa huongozwa na wachungaji na wazee katika vikao vyao, na kichwa chake ni Kristo peke yake, ilhali Charles wa Pili, aliyerejeshwa madarakani mwaka 1660, alitaka litawaliwe na maaskofu aliowateua mwenyewe. Mwaka 1662 wachungaji waliowekwa tangu 1649 waliamriwa kuomba upya idhini ya mabwana wenye haki ya uteuzi na ya askofu. Waliokataa walifukuzwa, hata karibu theluthi moja ya wachungaji wote wakapoteza makanisa yao.

Wakaanza kuhubiri majumbani, ghalani na nyikani. Sheria ya mwaka 1670 ilimwekea adhabu ya kifo yeyote aliyehubiri uwandani, na kwa ujanja wa kutisha ikahesabu hata ibada ya nyumbani kuwa ya uwandani iwapo baadhi ya wasikilizaji walisimama nje, kiasi kwamba udogo wa chumba ungeweza kumfikisha mhubiri kwenye kitanzi.

Siri, basi, ilikuwa katika kupashana habari za mahali na saa kwa mdomo, na kuweka walinzi vilimani. Mchungaji mmoja aliyesakwa, Alexander Peden, alivaa kinyago cha ngozi chenye nywele za bandia, ambacho kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Edinburgh, lakini kinyago hicho hakikumwepusha na kifungo katika kisiwa cha Bass Rock. Kwa maoni yangu, ngao kubwa zaidi ilikuwa ukimya wa wanakijiji, na serikali ililitambua hilo, kwani mwaka huohuo wa 1670 ilitunga sheria ya kuwaadhibu waliokataa kutoa ushahidi.

Si wote waliowindwa. Wengi walipokea vibali vya mfalme vya kuhubiri, vya mwaka 1669 na 1672, jambo lililowagawanya vibaya. Mwaka 1687 ibada za majumbani ziliruhusiwa, ila za uwandani zikabaki marufuku, na mhubiri wa uwandani James Renwick, mwenye umri wa miaka 26, akanyongwa Edinburgh Februari 1688. Bunge lilirejesha uongozi wa Kipresbiteri mwaka 1690, na wale wachache waliokuwa wangali hai kati ya waliofukuzwa wakarudishiwa makanisa yao.