Taa ya oili: hiyo si sensa mbovu. Usiende Nakuru na hilo gari

Unauliza mashine gani ya kusoma kodi za hitilafu za gari ununue, na huku umeandika kwamba ile taa nyekundu ya dashibodi yenye picha ya kopo la oili inawaka-waka kwenye foleni, inapotea ukikanyaga mafuta, na fundi amekwambia "ni sensa tu", yaani kile kifaa kinachowasha taa ndicho kibovu, uende Nakuru Jumamosi, ukirudi atabadilisha. Sensa tu! Maneno hayohayo yalinigharimu injini nzima.

Fundi wangu alikuwa wa Ngara, Nairobi. Hakupima chochote. Alifungua boneti, akachomoa waya wa swichi ya presha ya oili (ndiyo hiyo "sensa") karibu na chujio la oili, taa ikazimika. "Imeisha hiyo, mkubwa." Nikamlipa, tena nikamwongezea ya soda. Msinicheke, taa ilikuwa imezimika, mlitaka nimpeleke kortini? Kumbe swichi ile ikishachomolewa waya, taa haiwaki hata injini ikauke. Ni kumfunga soja mdomo wezi wakiwa ukutani.

Taa hiyo haipimi oili ni kiasi gani, inapima presha. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, inaweza kuonyesha oili imejaa na presha haipo: pampu imechoka, au tope la oili limeziba kichujio cha ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), au beringi za krenki, ule mhimili mkuu wa injini, zimelika na oili inamwagikia hapo kabla haijafika juu. Na kwa magari mengi swichi haiwashi taa mpaka presha ishuke karibu na nusu baa (baa ni kipimo cha presha). Yaani ukiiona, chuma tayari kinakaribia kusaga chuma. Inakuwakia kwenye foleni kwa sababu oili ikiwa moto huwa nyepesi, na injini ikizunguka polepole pampu nayo husukuma kidogo. Ukikanyaga inapotea, lakini ugonjwa uko palepale.

Yangu ilianza kugonga Thika Road, karibu na Githurai. Nikaongeza sauti ya redio. Kufika Kahawa ikajifunga. Konrodi, kile chuma kinachounga pistoni na krenki, ilikuwa imetoboa bloku, mwili wa injini, oili yote barabarani. Nikaishia kununua injini ya mitumba. Bei sitaitaja, mke wangu hupitia humu. Na yule fundi akaja, akachungulia lile shimo, akasema, "Hii ilikuwa na shida ya zamani." Shida ya zamani ni yeye!

Kwa hivyo nyekundu ya oili ikiwaka: egesha, zima, papo hapo. Usijiambie utafika tu kituo cha petroli, usijiambie utafika tu Limuru, tena ule mwinuko wote kutoka Kikuyu. Nyekundu ya joto vilevile, simama. Ile ya manjano ya injini hukupa muda, bora isipepese. Ikipepesa, silinda haichomi na petroli mbichi inakwenda kuua kataliti, kile kisafisha moshi cha ekzosi. Lakini hiyo tuiache, wewe una nyekundu.

Kabla hujanunua swichi yoyote Kirinyaga Road, mwambie fundi aifungue ile ya zamani, afunge geji ya presha kwenye tundu lake, injini iwe imepata moto, asome bila kukanyaga, kisha asome kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, alinganishe na kitabu cha gari lako. Akisema hana geji, mwachie waya wake utafute fundi mwingine, na gari liende huko kwa kuvutwa. Jumamosi panda matatu.